Kufuga kobe: Anza na kibali, kisha makao na malezi

MVUA zinapoanza kunyesha katika maeneo kame ya nchi, kobe hutoka mafichoni kutafuta majani mabichi na wenza. Ni wakati huo ambapo huonekana wakivuka barabara katika kaunti kama vile Kajiado, Machakos na Kitui. Ni wakati huo pia ambapo baadhi yao huokotwa, wakatiwa ndani ya buti la gari na kupelekwa mjini kuwa vichezeo vya watoto.

Kinachofuata aghalabu huwa ni kile kile. Mnyama huwekwa ndani ya katoni jikoni, akapewa kabichi na mabaki ya ugali, naye akaendelea kuishi. Mwaka hupita, pengine miwili, mwenye nyumba akiamini kwamba mambo ni shwari. Kisha siku moja kobe hukutwa hasogei tena, na watu husema amekufa ghafla. Ukweli ni kwamba alianza kufa siku alipoingizwa mle nyumbani.

Kobe hana mlio wa kulalamika kama mbwa au paka. Mwili wake hufanya kazi polepole, na hata maradhi humla polepole. Kwa sababu hiyo, makosa ya mwezi huu huenda yakaonekana baada ya miaka, wakati ambapo hayawezi kurekebishwa.

Sheria kwanza

Kobe wa nchi hii ni wanyamapori. Chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013, hakuna mtu anayeruhusiwa kumtoa porini, kumuuza au kumfuga bila idhini. Anayetaka kufuga hana budi kuomba kibali kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori Nchini (KWS) kabla ya kumleta mnyama nyumbani, wala si baadaye. Anayepatikana bila kibali hujitia katika hatari ya kushtakiwa na kutozwa faini au kufungwa gerezani.

Sheria hii ina sababu. Kobe bapa, ambaye huishi katika nyufa za miamba hapa Kenya na nchi jirani, amewindwa mno kwa ajili ya biashara ya wanyama wa kufugwa ng'ambo. Mwaka 2019 aliwekwa katika kundi la viumbe walio katika hatari kubwa zaidi ya kutoweka, na mwaka huo huo mataifa yalikubaliana kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya kobe wa aina hiyo wanaotolewa porini. Jike wake kwa kawaida hutaga yai moja tu kwa mkupuo, hivyo pengo la mmoja aliyeibwa huchukua muda mrefu kuzibwa.

Ukimkuta kobe barabarani, mshike kwa mikono miwili, mvushe kuelekea upande aliokuwa akienda, kisha umwache. Usimwinue bila sababu, kwa kuwa kobe aliyeshtuka hukojoa na kumwaga maji aliyojiwekea akiba mwilini. Wakati wa kiangazi, maji hayo ndiyo uhai wake.

Mgeni wa miaka mingi

Anayepata kibali anafaa kujiuliza swali moja: ni nani atakayemtunza mnyama huyu mimi nikiwa sipo? Kobe wa madoadoa, ambaye ndiye huonekana sana katika nyanda zetu, anaweza kuishi miaka 50 na zaidi. Kobe wakubwa wa visiwa vya Ushelisheli huishi zaidi ya hapo. Wakenya wengi wangali wanamkumbuka Mzee, kobe wa aina hiyo katika bustani ya Haller, Bamburi, ambaye kiboko mchanga Owen alijiambatanisha naye baada ya kuokolewa karibu na Malindi kufuatia tsunami ya Desemba 2004. Wakati huo Mzee alikadiriwa kuwa na umri wa miaka 130 hivi.

Makao

Kobe wa madoadoa akikomaa huweza kuwa na gamba la urefu wa sentimita 30 hadi 40 na uzani wa kilo kumi na zaidi. Hawezi kuishi katika chumba cha ghorofani wala kwenye veranda ya saruji. Anahitaji ua wa nje, usiopungua mita tatu kwa sita kwa kobe mmoja mzima, na ukiwa mkubwa zaidi ni bora.

Uzio uwe wa mawe, matofali au mbao, wenye kimo cha sentimita 50 au zaidi. Seng'enge haifai, kwa kuwa kobe akiona upande wa pili hushinda akisukuma na kujikwaruza akitaka kupita. Uzio huo uingie ardhini kiasi cha sentimita 20.

Ndani ya ua pawe na ukoka, vichaka vya kujikinga na jua la mchana, na sehemu wazi isiyotuamisha maji. Mnyama achague mwenyewe mahali pa joto na mahali pa kivuli, kwani mwili wake hauzalishi joto la kutosha. Asubuhi hujianika kwanza, kisha ndipo hula.

Jua ni lazima. Miale yake ndiyo huuwezesha mwili wa kobe kutengeneza vitamini D na kutumia madini ya kalisi kukuza mifupa na gamba. Mwanga upitao kwenye kioo cha dirisha hautoshi, maana kioo huzuia miale hiyo. Kobe afugwaye ndani ya nyumba gamba lake hulainika, miguu ikapinda, na hatimaye akashindwa kutembea.

Ajengewe pia kibanda cha mbao kisichovuja, mlango wake ukielekea mashariki, sakafu ikiwa imeinuliwa na kutandikwa nyasi kavu. Katika maeneo baridi kama vile Limuru, na hata Nairobi kati ya Juni na Agosti, usiku huwa na baridi kali kwake. Taa ya joto ya aina inayotumiwa na wafugaji wa vifaranga yaweza kuwekwa, mradi ifungwe imara, juu na mbali na nyasi. Aina hii ya kobe hailali majira yote ya baridi kama wale wa Ulaya; akiacha kula na kujikunyata kwa siku nyingi, hiyo ni dalili ya taabu.

Mbwa ndio maadui wakubwa nyumbani, kwa kuwa hulitafuna gamba kama mfupa. Watoto wa kobe hushambuliwa pia na kunguru, panya, nguchiro na siafu, hivyo walazwe ndani ya sanduku lenye wavu kila usiku.

Chakula

Robo tatu au zaidi ya chakula chake iwe nyasi, mbichi na kavu. Sehemu iliyobaki iwe majani kama ya mchunga, majani na maua ya haibiskasi, na vipande vya mpungate vilivyoondolewa miiba. Sukuma wiki na majani ya viazi vitamu yatolewe mara chache. Mchicha na spinachi zipunguzwe, kwa sababu zina asidi inayozuia mwili kupata kalisi.

Asipewe ugali, mkate, maziwa, nyama wala chakula cha mbwa. Vyakula hivyo humfanya akue upesi kupita kiasi, gamba likaota vilima na viungo vya ndani vikaharibika. Matunda nayo huvuruga tumbo lake. Maganda ya mayai yaliyochemshwa, kukaushwa na kusagwa yaweza kunyunyiziwa kwenye majani mara mbili kwa juma ili kumwongezea kalisi.

Maji yawe katika sinia pana yenye kina kifupi, kwani kobe hajui kuogelea. Watoto wa kobe waloweshwe katika maji ya vuguvugu, yasiyozidi kimo cha kidevu, kwa dakika 15 mara tatu kwa juma.

Ratiba ya malezi

Kila asubuhi, mwenye kobe abadilishe maji, aondoe kinyesi, atoe majani mapya na kutazama kama mnyama ametoka kujianika. Jioni ahakikishe amerudi kibandani. Kila juma akague macho, pua, mdomo na mikunjo ya miguu, ambako kupe hujificha. Kila mwezi ampime uzani na kuandika daftarini. Uzani unaoshuka miezi miwili mfululizo hutoa onyo kabla ya jicho kuona lolote.

Kamasi puani, macho yaliyovimba, kupumua kwa mdomo wazi au gamba linalobonyea ni sababu ya kumwita daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Dawa za binadamu zisijaribiwe.

Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni, lakini msemo huo usitumiwe kwa kobe. Kamba hukata mguu wake, na kutoboa gamba ili kupitisha uzi ni ukatili, kwa sababu gamba ni mfupa ulio hai, wenye damu na hisia. Wala lisipakwe rangi.

Hatimaye, kobe anaweza kubeba bakteria wa salmonella bila yeye mwenyewe kuugua. Kila anayemshika anawe mikono kwa sabuni, na watoto wa chini ya miaka mitano wasimchezee.

Asiye na ua, jua, muda wa kila siku na mtu wa kumrithisha kazi hii, hana haja ya kuomba kibali. Kobe avukaye barabara baada ya mvua ana makao tayari, na hitaji lake la pekee kwetu ni dereva apunguzaye mwendo.