Tragedia: ubinafsi unazaa uovu namna gani?

Tragedia ni mchezo wa teatre wenye kuishia kwa kilio. Ilianzia Ugiriki, karibu miaka 2500 iliyopita. Kwa upande wa Ufaransa, Jean Racine (1639-1699) ni mmoja wa waandishi wakubwa wa tragedia, na wengi waliopita sekondari hapa kwetu walisikia jina lake. Mchezo wake Britannicus, ulioonyeshwa Paris mara ya kwanza Desemba 1669, unauliza swali moja: mtu anakuwa muuaji namna gani?

Nini kinatokea?

Tuko Roma, karne ya kwanza. Agrippine alitaka mtoto wake Néron atawale. Aliolewa na kaisari Claude, akamsukuma amchukue Néron kuwa mtoto wake. Britannicus, mtoto wa kuzaliwa wa Claude, akawekwa pembeni. Néron anatawala vizuri miaka mitatu, watu wanamsifu.

Lakini Britannicus anapendana na Junie. Néron, ingawa iko na bibi tayari, anatuma askari wamchukue Junie usiku. Anamlazimisha amfukuze Britannicus, na yeye Néron anajificha karibu ili awaangalie. Junie akionyesha upendo hata kwa macho tu, Britannicus atakufa.

Ubinafsi uko wapi?

Hauko kwa Néron peke yake. Agrippine analalamika juu mtoto hamsikilizi tena, lakini kinachomuuma zaidi ni mamlaka yanayomponyoka. Narcisse, aliyewekwa kumlea Britannicus, anapeleka siri zake zote kwa Néron. Kila mmoja anasema: mimi kwanza.

Tena Néron alikuwa na nafasi ya kurudi nyuma. Burrhus, mlezi wake, anapiga magoti, anamsihi asimwage damu. Néron anakubali kupatana na Britannicus. Kisha Narcisse anaingia na kugusa kiburi chake: mama yako anajisifu kwamba amekushinda, na watu wanakudharau. Basi, ahadi inakufa. Kwenye karamu ya mapatano Britannicus anakunywa kikombe chenye sumu, anaanguka palepale.

Fundisho gani?

Racine alieleza kwamba alitaka kuonyesha Néron angali anaanza ubaya wake. Ndio maana mchezo huu unatisha: uovu haukuanza na sumu. Ulianza ile siku mkubwa alichukua cha mwenzake juu tu anakitaka, na hakuna aliyemzuia.

Angalieni pia wale wa karamuni. Nusu wanakimbia wakipiga kelele. Wale waliozoea maisha ya ikulu wanabaki, wanaangalia kwanza uso wa kaisari ili wajue wao waonyeshe uso gani. Hao hawakutia sumu, lakini bila wao Néron hangeendelea.

Mwishoni raia wanamuua Narcisse, na Junie anakimbilia kwa mabikira wa Vesta. Néron anabaki na kiti chake, bila yule aliyemtaka. Burrhus anaomba huo uwe uovu wa mwisho. Historia inajibu: mwaka 59, Néron aliagiza mama yake auawe.