Bustani ya mboga: jana tuliamrishwa, leo tunakatazwa?

Ukitaja Rujewa mbele ya watu wa mjini, jambo la kwanza linalowajia akilini ni mchele. Wana haki, maana mpunga wa Usangu unajulikana nchi nzima. Lakini wali haushuki mkavu. Unahitaji kitoweo, na kitoweo cha nyumba nyingi tangu zamani ni majani yanayochumwa hatua chache kutoka mlangoni. Juma hili nataka tuyazungumzie majani hayo, kwa sababu yana historia, na historia hiyo inatuhusu wakati huu ambapo maji ya Ruaha yanagombaniwa.

Tuanze na majina, maana majina hutunza kumbukumbu. Mnavu, mgagani na kunde ni mimea ya Afrika yenyewe. Maboga, muhogo unaotupa kisamvu, viazi vitamu vinavyotupa matembele, pamoja na nyanya, asili yake ni Amerika. Bamia na figili ni maneno yaliyotoka kwa Waarabu. Bustani ni neno la Kiajemi. Kabichi na karoti tulizipokea kwa Wazungu. Sahani moja ya mboga, basi, ni mkutano wa mabara manne.

Huku Nyanda za Juu Kusini, Wazungu hao walikuwa hasa wamisionari. Wamoravian walifika Rungwe mwaka 1891, na mwaka 1895 wakafungua kituo Utengule, mahali ambapo Merere, mtawala wa Wasangu, alikuwa ameweka makao baada ya kuzidiwa na Wahehe. Misheni za namna hiyo zililima bustani zao, na kabichi ikaanza kuonekana kuwa mboga ya watu walioendelea. Mnavu na mgagani, kwa wataalamu wengi wa kilimo wa zama hizo, vilikuwa magugu. Mbegu zake hazikuuzwa dukani. Zilihifadhiwa na akina mama, nao ndio waliotuvusha nazo hadi leo.

Wala wenyeji hawakusubiri kufundishwa kulima kiangazi. Wahehe na Wabena wana kilimo chao cha mabondeni kiitwacho vinyungu. Majani hulazwa, udongo hupandishwa juu yake kuwa tuta, na unyevu wa bondeni huotesha mahindi mabichi, maharage, maboga na mboga wakati ghala zimeanza kupungua. Rujewa kwenyewe, kabla ya Uhuru, walowezi wa Kibulushi walichimba mifereji ya kumwagilia mpunga, na wenyeji wakaendeleza kazi hiyo. Kisha ikaja miaka ya 1970 na Wachina, kwa reli ya TAZARA iliyopita hapa na kwa shamba kubwa la mpunga la Mbarali. Wachina wa reli walilima mboga zao wenyewe kando ya kambi. Leo sokoni ukiuliza chainizi, kila muuzaji anajua unataka nini.

Sasa tufike kwenye siasa. Mwezi Mei 1972, Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana mjini Iringa ikatoa tamko la Siasa ni Kilimo. Haukupita muda, ukame wa 1973 na 1974 ukatupiga, ikaja kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona. Hata watu wa mijini waliambiwa washike jembe, na viwanja vilivyokuwa wazi vikalimwa.

Redio nayo ilikuwa na sehemu yake. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza. Mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai. Kikundi kilikaa kuzunguka redio moja, kiongozi akiwa na kijitabu, kipindi kikiisha watu wakajadiliana, kisha wakaenda kutenda: bustani ya mboga, miti ya matunda, kuku. Sisi tulioingia katika kazi hii ya utangazaji baadaye, tukiwa na mitambo bora zaidi, bado tunaitamani redio iliyowatoa watu kwenye mkeka ikawapeleka kwenye tuta.

Miaka ya 1980 haikuhitaji kampeni. Mshahara wa mwezi ulikuwa hauvuki wiki ya pili, na mfanyakazi wa ofisini akageukia kile tulichokiita mradi: mchicha nyuma ya nyumba, kuku uani. Serikali iliona, na kwa sehemu kubwa ikanyamaza, kwa kuwa mchicha huo ulikuwa unailisha.

Halafu upepo ukageuka. Mwaka 1993 Ruaha Mkuu ulikauka wakati wa kiangazi, na tangu hapo ukawa unakauka mara kwa mara. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 ikakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya meta 60 kutoka mto. Mwaka 2006 umeme ukawa wa mgawo nchini, bwawa la Mtera likiwa limepungukiwa maji, na Serikali ikatoa mkakati wa haraka wa kunusuru vyanzo vya maji. Neno vinyungu, lililokuwa sifa ya mkulima hodari, likaanza kutajwa kama kosa.

Mimi siipingi sheria hiyo. Mto ukifa, hakuna bustani wala mpunga. Lakini tupime kwa mizani moja. Watafiti waliofanya kazi Usangu walionyesha kwamba maji ya kiangazi huchukuliwa zaidi na mifereji ya umwagiliaji. Mama mwenye matuta matatu ya mchicha, anayemwagilia kwa ndoo, hawezi kuwekwa kapu moja na mfereji uliofunguliwa usiku kucha. Na ukimwondoa mtoni, mwonyeshe pa kwenda. Halmashauri zinazopima viwanja zitenge na eneo la mboga lenye bomba au kisima, kama zinavyotenga eneo la soko.

Nasi wa mijini tusingoje amri. Kiroba kilichojazwa udongo na samadi kinatosha kuanzia. Mchicha huchumwa baada ya wiki tatu au nne tu. Saladi inataka ubaridi: Mbeya na Iringa inastawi vizuri, lakini joto la Usangu huifanya itoe maua mapema na kuwa chungu, kwa hiyo Rujewa ipandwe miezi ya Juni na Julai, penye kivuli. Maji yaliyooshea mchele yamwagwe kwenye tuta, si barabarani. Na mnavu mmoja uachwe ukomae, mbegu zake zianikwe na kutunzwa.

Nchi hii ilipopata shida, mara zote ilikimbilia tuta la nyuma ya nyumba. Si haki kulikumbuka wakati wa njaa tu.