Dereva Akiondoka, Konda Je?

Kwenye daladala ya Gongo la Mboto, konda ndiye jicho la ubavuni. Dereva anatazama mbele. Yeye kasimama mlangoni, nusu mwili nje, sarafu zikilia kiganjani kukumbusha nauli. Bibi mwenye mkongojo akitaka kushuka, konda hugonga bodi, gari likasimama. Humshika mkono, humteremsha, humpa na kapu lake, halafu hugonga tena: twende.

Mjadala wa magari yanayojiendesha huwa ni wa dereva tu. Je, mashine itakosea mara chache kuliko binadamu? Dereva naye atakula wapi? Sisi tunaosafirishwa na watu wawili tuna la kuongeza: na konda je?

London walishalijibu. Treni za Docklands, zilizoanza 1987, huendeshwa na kompyuta, na watoto hugombea dirisha la mbele, pale ambapo dereva angekaa. Lakini kila treni ina mhudumu. Anapita katikati ya abiria, anakagua tiketi, anamwelekeza mgeni, na milango anaifunga yeye. Dereva kaondoka, konda kabaki.

Marekani wameondoa wote wawili. Phoenix tangu 2020, kisha San Francisco, teksi za Waymo hubeba abiria bila mtu kwenye usukani. Unaiita kwa simu, inafika na herufi za jina lako zikiwaka juu ya paa, unapanda peke yako au na uliokuja nao. Humkuti mtu usiyemjua. Daladala ilipata jina kwa sarafu ya shilingi tano, dala. Matatu kwa sarafu tatu za senti kumi. Majina yote mawili ni ya nauli, ya watu wasiojuana wanaochangia gari moja. Teksi ile, kwa werevu wake wote, bado ni gari la mwenye nafasi.

Tarehe 2 Oktoba 2023, huko San Francisco, mwanamke aliyekuwa akivuka barabara aligongwa na gari lililoendeshwa na mtu, akarushwa mbele ya gari la kampuni ya Cruise lisilo na dereva. Gari hilo lilifunga breki, likamgonga, likasimama. Kisha likajisogeza kando ya barabara kama lilivyopangiwa, likamburuta takriban mita 6, kwa kuwa halikujua kwamba yuko chini yake. Kila nikiisoma habari hiyo nasikia kiganja kikipiga bati: simama, kuna mtu!

Simpambi konda. Huyo huyo humzuia mwanafunzi mlangoni kwa sababu ya nauli yake ndogo, na mashine isingemzuia. Lakini kinachomsukuma ni hesabu: kiasi ambacho mwenye gari anakidai kila jioni, gari lijae lisijae. Mhudumu wa Docklands analipwa mshahara. Hapotezi kitu mtoto akipanda.

Mabasi ya mwendokasi ya Kimara hadi Kivukoni yana njia yao tangu 2016. Basi la kujiendesha likija Dar es Salaam, lianzie hapo, na mlangoni asimame mtu mwenye mshahara. Siku hiyo mtoto aliyeachwa na magari matatu, begi mgongoni na jua limeshapanda, atashikwa mkono apandishwe.