Kutoka hongo za watemi hadi sheria moja ya barabara

Mwaka 1861 mpelelezi Mwingereza John Hanning Speke alikwama kwa miezi Uzinza, kaskazini mwa Ushirombo, katika Tanzania ya leo. Aliugua, akaishiwa na wapagazi, na juu ya hayo mtemi Lumeresi akashikilia lazima apewe hongo, yaani ushuru wa kupita, ya deuli, nguo ya hariri, ndipo msafara uondoke. Mbele ya safari, mtemi Suwarora wa Usuwi naye alikuwa na madai yake. Alipofika Karagwe, mtawala wa huko, Rumanika, alimkaribisha bila kumtoza chochote. Msafara uleule na mali ileile vilikutana na sheria tatu, na kila sheria ilitegemea moyo wa mtawala. Hayo ndiyo mazingira walimofanyia kazi Wasumbwa wa Ushirombo, waliokwenda kwa miguu hadi Katanga kutafuta shaba, na ambao miongoni mwao ndiko ilikochipuka nasaba ya Msiri aliyetawala Bunkeya, hukohuko Katanga. Mirambo, mtemi wa Wanyamwezi, aliunganisha tawala nyingi kwa nguvu, lakini alipofariki 1884 umoja huo ulianza kumeguka, kwa kuwa ulisimama juu ya mtu mmoja.

Kasoro hiyohiyo iliiua Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 1967. Wengi husema ilivunjika 1977 kwa sababu Kenya ilinufaika kuliko wenzake, na malalamiko hayo yalikuwa ya haki. Lakini dawa ilikuwa imeanza kutolewa ndani ya Jumuiya yenyewe: Benki ya Maendeleo iliwekwa Kampala, na fedha zake zilipangwa ziende asilimia 38.75 Tanzania, kiasi hichohicho Uganda, na 22.5 tu Kenya. Kilichokosekana ni chombo kilichoweza kufanya kazi hata marais wakigombana. Baada ya Idi Amin kupindua serikali 1971, Nyerere alikataa kuketi naye, na mamlaka ya juu, yaani marais watatu, hayakukutana tena. Reli, bandari, posta na ndege za pamoja zikabaki bila mwenye kauli.

Leo Jumuiya imefufuliwa, na wapo wanaohofia kwamba chombo kilicho juu ya serikali kitatunyang'anya nchi yetu. Hofu hiyo si ya kupuuzwa, ila ipimwe kwa yanayotokea barabarani. Lori linalopita Ushirombo kwenda Rusumo limekwisha kupimwa kwenye mizani ya Mwendakulima, Kahama. Mizani ni ya Tanzania na wapimaji ni Watanzania, lakini kikomo cha tani 56 kwa gari la ekseli saba kimetoka kwenye sheria iliyotungwa na Bunge la Afrika Mashariki 2013. Tanzania haijapungukiwa na kitu kwa hilo. Lami yake imepata ulinzi, na dereva anajua kanuni moja kutoka Dar es Salaam hadi Kigali. Pale Rusumo maofisa wa nchi mbili hukagua mzigo katika kituo kimoja, badala ya lori kusimama mara mbili.

Udhaifu uliobaki katika Jumuiya ya sasa upo juu kabisa. Mkutano wa Wakuu wa Nchi huamua kwa makubaliano ya wote, kwa hiyo mmoja akikataa, jambo linalala. Januari 2024 Burundi ilifunga mpaka wake na Rwanda, zote zikiwa wanachama tangu 2007, na Jumuiya, yenye makao makuu Arusha, haikuwa na uwezo wa kuufungua. Uamuzi wa aina hiyo ungepaswa kupita kwanza mbele ya Mahakama ya Afrika Mashariki, na hukumu yake izibane serikali zote mbili.