Sarafu za Makaisari wa Roma

Sarafu za makaisari wa Roma ni vipande vya madini vilivyopigwa chapa kwa mamlaka ya watawala wa dola hiyo kuanzia Augustus, aliyetawala tangu mwaka 27 K.K., ambavyo pamoja na kulipia mishahara ya askari vilisambaza sura ya mtawala hadi mikoa ya mbali. Katika mfumo wa Augustus, sarafu ya dhahabu iliyoitwa aureo ilikuwa na thamani ya dinari 25 za fedha. Fundi aliweka kipande kati ya mihuri miwili iliyochongwa picha kinyume, akakigonga kwa nyundo, na kwa kuwa kazi hiyo ilifanywa kwa mkono, picha nyingi zimekaa upande. Uso wa mbele ulibeba kichwa cha kaisari na vyeo vyake kwa vifupisho, ambapo kaisari Nero anaonekana na shingo nene isiyofichwa. Uso wa nyuma ndio uliobeba siasa: baada ya Yerusalemu kutekwa mwaka 70 B.K., Vespasian alionyesha Yudea kama mwanamke mwenye huzuni aliyeketi chini ya mtende, na mwanawe Titus akaonyesha uwanja wa Colosseum uliojaa watazamaji. Kuhusu madini yenyewe, Nero alikwisha kupunguza fedha ndani ya dinari, na katika karne ya 3 sarafu iliyoitwa ya fedha ilikuwa shaba iliyopakwa fedha tu, hata Konstantino Mkuu akaanzisha solido ya dhahabu, 72 kwa kila ratili ya Kirumi.