Mlango wa Uani wa Udaktari

Jumapili moja niliitwa Tabata na mzee ambaye binti yake tulisoma naye sekondari. Ukiitwa na mzee wa namna hiyo unajua kuna jambo. Nikadhani ni kamati ya harusi, nikaenda na sababu zangu za kukwepa mchango zimekaa tayari mdomoni. Kumbe sivyo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Kaa hapo. Wewe si mwandishi wa habari? Sasa leo nataka unisaidie kuuliza."

Mambo yenyewe ni haya. Binti yuko Marekani, ana karatasi zake za ukaazi, amemaliza shahada ya kwanza ya baiolojia na sasa anataka udaktari. Kule huingii chuo cha udaktari bila kufanya mtihani uitwao MCAT. Amefanya, kapata 498. Kwa alama hizo vyuo vingi vinavyotoa shahada ya MD, ile tuliyoizoea, havitamtazama mara mbili. Kwa hiyo anataka kuomba vyuo vinavyotoa shahada nyingine, DO, yaani udaktari wa osteopathi. Na anamwomba baba yake auze kiwanja cha Kigamboni ili kumsaidia kuanza.

Kabla ya kuuza, mzee akamuuliza rafiki yake aliyeishi Uingereza miaka mingi. Rafiki akacheka. "Osteopathi? Hao ni wakandaji! Mwanao anaingia udaktari kwa mlango wa uani, na akishaingia atakuta hamna nyumba."

Nikaondoka Tabata na swali la mzee: hicho kitu ni cha kweli au binti anaibiwa? Nimelisomea wiki tatu, na leo nawashirikisha wasomaji wangu, maana nimekuta historia ambayo sikuitegemea.

Kwanza, rafiki wa mzee hakusema uongo. Uingereza osteopathi kweli si daktari wa kuandika dawa na kupasua watu. Ni mtaalamu wa kunyoosha viungo na mgongo, anayetambuliwa na sheria yake ya mwaka 1993. Marekani ni hadithi nyingine kabisa. Kule mwenye DO ana leseni kamili: anaandika dawa, anafanya upasuaji, anazalisha, anakuwa bingwa wa moyo au wa ubongo. Jina ni moja, kazi mbili. Hapo ndipo wengi hupotea, na mimi nilipotea pia.

Sasa twende nyuma. Andrew Taylor Still alizaliwa Virginia mwaka 1828, mtoto wa mhubiri wa Kimethodisti ambaye pia alikuwa tabibu. Alijifunza kutibu kwa kumfuata baba yake, kama wengi wa enzi hizo, kisha akatumikia upande wa Kaskazini katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe. Mwaka 1864 homa ya uti wa mgongo ikaingia nyumbani kwake ikaua watoto watatu. Fikiria baba ambaye ni tabibu, anaita matabibu wenzake, wanampa kila walicho nacho, na bado anazika watoto watatu. Na walikuwa na nini? Dawa za zebaki, kasumba, pombe kali, na kumtoa mgonjwa damu. Still akaona bora mgonjwa aachwe kuliko kupewa sumu zile. Kwa wakati ule, kusema kweli, mara nyingi alikuwa sahihi.

Mwaka 1874 akatangaza njia yake mpya: mwili una uwezo wa kujiponya, na kazi ya tabibu ni kuurekebisha kwa mikono ili damu na neva zifanye kazi. Watu wakamwona kichaa. Akahamia mji mdogo wa Kirksville, Missouri, akawa anajitangaza kama mwunga mifupa mwenye kasi ya radi. (Nani kati yetu hana bibi anayemjua mwunga mifupa wa kijijini?) Wagonjwa wakaanza kuja kwa treni kutoka majimbo ya mbali. Mwaka 1892 akafungua chuo hapo hapo, na darasa la kwanza likawa na wanawake, wakati ambapo vyuo vingi vya udaktari havikutaka hata kuwasikia. Mwandishi Mark Twain mwenyewe alikwenda mbele ya wabunge wa jimbo la New York mwaka 1901 kutetea haki ya hao jamaa kufanya kazi.

Je, Still alikuwa sahihi katika yote? Hapana. Kwamba karibu kila ugonjwa chanzo chake ni mfupa uliokaa vibaya, hilo lilikuwa kosa, na wanafunzi wake walilazimika kuliacha polepole wakaingiza dawa na sayansi ya maabara. Hata leo kuna mbinu za mikono zinazofundishwa kule ambazo ushahidi wake ni dhaifu. Nasema haya ili mtu asidhani nimelipwa.

Mwaka 1910 ukaja mtikisiko. Abraham Flexner, ambaye hakuwa daktari bali mtu wa elimu, alizunguka vyuo 155 vya udaktari Marekani na Kanada, akaandika ripoti kali. Vingi vilikuwa biashara tu: hakuna maabara, hakuna hospitali, ada inalipwa na cheti kinatoka. Vyuo vya osteopathi vilikuwa vinane, navyo vikapata kipigo chao. Baada ya hapo vyuo vikafungwa kama vibanda vilivyowekewa alama ya X barabarani. Ubora ukapanda, hilo halina ubishi. Lakini tazama nani aliyebaki nje. Kati ya vyuo saba vya weusi vilibaki viwili tu, Howard na Meharry. Mtoto wa maskini aliyezoea kusoma jioni baada ya kazi, chuo chake kikafa. Osteopathi wakagoma kufa. Wakapunguza vyuo, wakaongeza miaka ya masomo, wakaendelea kuishi nje ya uzio.

Na huo mtihani uliomkwamisha dada yetu ulitoka wapi? Hapa ndipo nilipokaa sana. Katika miaka ya 1920 vyuo vya udaktari vya Marekani vilikuwa na tatizo ambalo kila aliyepita Mlimani analijua: watu walikuwa wanadisko. Kwenye baadhi ya vyuo karibu nusu ya darasa ilipotea. Nafasi zinaharibika, fedha zinaharibika. Ndipo mwaka 1928 mwanasaikolojia Fred Moss na wenzake wakatunga mtihani wa kupima nani ana uwezekano wa kumaliza. Ulipima kumbukumbu, msamiati wa sayansi, ufahamu wa maandishi, mantiki. Kufikia mwaka 1946 walioshindwa kumaliza walikuwa wameshuka hadi kama asilimia 7. Mtihani ulifanya kazi yake.

Ila soma tena kazi yake ilikuwa nini. Ulitungwa kumwambia mkuu wa chuo nani hatadisko. Haukutungwa kupima nani atakaa na mama mjamzito saa nane usiku bila kumfokea. Baadaye ndipo alama zikawa kipimo cha heshima, chuo kikajisifu kwa wastani wake na mtu akajisifu kwa namba yake. Ukapewa jina la MCAT mwaka 1948, ukabadilishwa mara kadhaa, na hadi mwaka 1977 ulikuwa na sehemu nzima ya maarifa ya jumla, ambayo iliondolewa. Jiulize: maarifa ya jumla ya nani? Tangu 2015 una sehemu nne na alama zake zinaanzia 472 hadi 528, katikati ni 500. Sehemu moja haina sayansi hata chembe. Unapewa vifungu vizito vya falsafa, sanaa, historia, unasoma kwa kasi na kujibu. Dada yetu alisoma kwa Kiswahili hadi darasa la saba, akakutana na Kiingereza cha kusomea kidato cha kwanza kama sisi wote. Sehemu hiyo ndiyo iliyomvuta chini. Sishangai.

Turudi kwa osteopathi. Kwa miaka mingi chama kikuu cha madaktari wa MD kiliwahesabu kama wafuasi wa imani potofu, na kushirikiana nao kikazi kulikuwa kosa la kimaadili. Vita Kuu ya Pili ilipokuja, jeshi likawakataa kama madaktari. Unajua kilichotokea? MD wakaenda vitani, wagonjwa waliobaki nyumbani wakatibiwa na DO, na vita vilipoisha wengi hawakurudi kwa daktari wa zamani.

Halafu kuna kisa cha California, nilichomsimulia mzee mara mbili kwa sababu alidhani natania. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 vyama viwili vya madaktari katika jimbo hilo vilikubaliana kuungana. Chuo cha osteopathi cha Los Angeles kikageuzwa kuwa cha MD, na zaidi ya madaktari 2,000 wenye DO wakapewa shahada ya MD baada ya semina fupi na malipo ya dola 65. Mwaka 1962 wapiga kura wakapitisha kwamba jimbo lisitoe tena leseni mpya za DO. Jamani! Mtu aliyekuwa mfuasi wa imani potofu Ijumaa amekuwa daktari kamili Jumatatu, kwa mikono ile ile, kichwa kile kile, na risiti ya dola 65. Wakubwa walidhani ndio mwisho wa osteopathi. Wengine nchi nzima wakauliza: kama tofauti ni dola 65, basi walikuwa wanatutukana kwa nini? Mwaka 1966 jeshi likafungua mlango. Mwaka 1974 Mahakama Kuu ya California ikaamuru leseni zianze kutolewa tena.

Katika walioingia kwa mlango huo wa uani yumo William G. Anderson, kijana mweusi wa Georgia, aliyehitimu DO huko Des Moines mwaka 1956. Alirudi kwao akafungua kliniki mjini Albany, na mwaka 1961 akawa rais wa harakati za kupinga ubaguzi mjini humo. Ni yeye aliyemwita Martin Luther King aje kusaidia. Mwaka 1994 akawa mweusi wa kwanza kuongoza chama cha kitaifa cha madaktari wa osteopathi. Mzee aliposikia jina la King alikaa sawa kwenye kiti.

Miaka hii mambo yamegeuka zaidi. Zaidi ya robo ya wanafunzi wa udaktari Marekani wanasoma vyuo vya osteopathi. Tangu 2020 MD na DO wanafanya mafunzo ya ubingwa chini ya mfumo mmoja, na katika upangaji wa nafasi hizo mwaka 2024 zaidi ya asilimia 90 ya wahitimu wa mwisho wa DO walipata. Trump alipougua Covid Oktoba 2020, daktari wa Ikulu alikuwa Sean Conley, DO, na bado kuna waliohoji kama huyo ni daktari kweli. Biden naye akaja na Kevin O'Connor, DO.

Lakini kuna jambo linaniuma, na nililisema Tabata bila kuficha. Mlango wa uani nao unawekewa kitasa. Zamani vyuo vya DO vilikuwa na utaratibu wa huruma: ukifeli somo chuoni, ukarudia na kufaulu, alama mpya ilifuta ya zamani, kama sapu isiyobaki kwenye cheti. Utaratibu huo uliondolewa mwaka 2017. Wastani wa MCAT wa wanaoingia DO umefika kama 503 au 504; wa MD ni kama 511 au 512. Kwa hiyo 498 iko chini hata huku. Waliokuwa nje ya uzio wamepata heshima, na wenye heshima huanza kujenga uzio. Sijui niwalaumu vipi, maana mwenye alama za chini sana kweli hupata tabu zaidi kwenye mitihani ya leseni mbele ya safari, na akidisko mwaka wa pili deni halidisko naye.

Basi nilirudi kwa mzee nikamwambia hivi. Nyumba ipo, tena imara. Binti haibiwi. Ila asiombe mwaka huu kwa 498 na kiwanja juu yake. Kuna vyuo vya DO ambavyo bado vinamtazama mtu mzima mzima: alikotoka, kazi aliyofanya wodini, kama atakwenda kutibu vijijini ambako MD hawataki kukaa. Arudie mtihani mara moja, akazanie ile sehemu ya kusoma. Atafute daktari mwenye DO amfuate kazini, maana vyuo vingi vya DO hupenda barua yake ya kumpendekeza. Kisha ndipo azungumze habari za kiwanja.

Mzee alinyamaza muda. Akachukua simu akampigia binti yake, kule kumekucha asubuhi. Hakumsalimia vizuri. "Mama, huyo Still, watoto wake watatu walikufa wote kwa wakati mmoja?" Kisha akaniuliza mimi, akiwa amefunika simu kwa mkono, mtihani wa marudio unafanyika mwezi gani na unalipiwa kiasi gani.