Nyasi za rweya

Abiria wa basi la Bukoba kwenda Muleba hugombea dirisha la kushoto. Ndiko liliko Ziwa Victoria, na mwezi wa Novemba, mvua ya vuli ikikatika, maji na visiwa vyake huonekana kama vimetoka kuoshwa. Mimi nikipandia Rwamishenye huomba dirisha la kulia, upande wa vilima. Ziwa tulilikuta. Vilima vile, kwa sehemu kubwa, vina sura tuliyowapa wenyewe.

Penye nyumba pana kibanja: migomba iliyosongamana, na chini yake mibuni na maharage. Ukitoka nje ya kibanja unaingia ghafla kwenye rweya, uwanda wa nyasi uliotanda hadi penye miamba. Mgeni husema Mungu kagawa, huku rutuba, kule ufukara. Sivyo. Udongo wa pande zote mbili kwa asili ni duni, maana mvua za hapa, ambazo karibu na ziwa hupita milimita 2,000 kwa mwaka, huosha rutuba ikazama chini. Weusi wa udongo wa kibanja umebebwa na watu. Ng'ombe walichungwa rweya mchana, wakalala nyumbani usiku, samadi yao ikaenda kwenye migomba. Wanawake walikata nyasi, wakazibeba kichwani na kuzitandika ndani ya nyumba. Zikichakaa, zikatupwa shambani. Kizazi baada ya kizazi, kilima kilihamia kwenye migomba.

Na miti ilikwenda wapi? Kabla ya kufika Kemondo, eneo la Maruku, kuna kijiji cha Katuruka. Mwishoni mwa miaka ya 1960 mwanaakiolojia Peter Schmidt alifika huko, na wazee wakamwonyesha mti wa Kaiija. Walimsimulia kuwa mfalme Rugomora Mahe aliwakusanya wafua chuma hapo ili ajenge mnara wa chuma wa kufika mbinguni. Schmidt alipochimba alikuta mabaki ya kazi ya chuma ya karne nyingi kabla ya mfalme huyo. Mwaka 1978 yeye na Donald Avery waliandika katika jarida la Science kwamba mafundi wa ukanda huu walijua kuipasha hewa joto kabla haijafika kwenye moto wa tanuri. Tanuri lilitaka makaa, makaa yalitaka miti. Sehemu ya uwazi huu tunaoupiga picha ilianzia kwenye shoka.

Basi, mandhari hii ni kazi ya mikono. Swali ni hili: aliyeifanya kazi alipewa nini?

Kwa mila za Kihaya kibanja ni cha ukoo. Mwanamke aliweza kukitumia, lakini hakuruhusiwa kukiuza. Sehemu iliyokuwa yake ilikuwa rweya, ambako alilima njugu mawe, akavuna na kuhamia kipande kingine. Mwaka 1988 Holaria Pastory aliuza, kwa shilingi 300,000, shamba alilorithi kwa wosia wa baba yake. Bernardo Ephrahim, mwana wa ndugu yake, akafungua kesi katika Mahakama ya Mwanzo wilayani Muleba, akidai uuzaji huo ni batili. Kesi ilipanda hadi Mahakama Kuu, Mwanza, na mwaka 1990 Jaji James Mwalusanya akaamua kwamba sheria ya mila inayomzuia mwanamke kuuza ardhi ya ukoo, wakati mwanamume anaruhusiwa, ni ya kibaguzi na inapingana na Katiba. Hukumu hiyo inasomwa leo katika vyuo vya sheria.

Lakini wakati mahakama inafungua kibanja, rweya imekuwa ikifungwa. Tazama misindano na mikaratusi iliyopangwa kwa mistari vilimani: kila mstari una mwenyewe. Bibi mmoja niliyeketi naye hadi Muhutwe aliponiona natazama miti hiyo alisema, "Mjukuu wangu, pale nilikuwa nalima njugu. Hatukuwa tunamwomba mtu." Nikamuuliza nyasi za migomba yake anazitoa wapi siku hizi.

"Nanunua," akajibu. "Mzigo kwa mzigo."